Madison, Moore au Torres? Ubishi wa tuzo za 2025 na filamu ya kuanza nayo

Usiku wa Machi 2, 2025, jina la Mikey Madison liliposomwa kuwa mwigizaji bora wa kike wa Oscar, kundi letu la wapenda filamu liligawanyika palepale. Wapo walioshangilia. Wengine walinyamaza kama waliofiwa, hadi mmoja wao akaandika: "Jamani, si ndiyo filamu yenyewe ya Demi hii?" Alikuwa na hoja. The Substance ni hadithi ya nyota wa kike anayetupwa kwa kosa la kuzeeka, nafasi yake ikachukuliwa na binti mbichi. Na pale ukumbini Demi Moore, miaka 62, alikuwa amekaa akimtazama binti wa miaka 25 akipanda jukwaani.

Tulicheka, kisha tukarudi kwenye ubishi, na mpaka leo haujapoa. Kuna watu wa Madison, kuna watu wa Moore, na kuna sisi wa Fernanda Torres, wachache lakini wabishi kuliko wote. Kila mwamba ngoma huvutia kwake. Ila nilivyozidi kusikiliza ndivyo nilivyoona kwamba kila kambi ina maana yake ya neno "kuigiza", na ukishajijua uko kambi ipi, kuchagua filamu ya kuanza nayo si kazi.

Kwa hiyo nimeziweka ubavu kwa ubavu, hizo tatu kwanza, halafu mbili za wanaume ambazo nazo zilitugombanisha. Sitakumalizia uhondo. Matukio nitakayoyagusa ni ya katikati ya filamu, na miisho nitaizunguka kwa mbali.

Zinahusu nini

Anora ya Sean Baker inamfuata Ani (Madison), msichana anayecheza dansi kwenye klabu ya wanaume jijini New York. Anakutana na Vanya, mtoto wa tajiri wa Kirusi, kijana wa kuchezea pesa na gemu za video. Wanaoana Las Vegas kwa kukurupuka, wazazi huko Urusi wanapata habari, na kuanzia hapo ni mbio. Ina dakika 139, na nusu yake ni vichekesho vya kukimbizana.

The Substance ya Coralie Fargeat inamhusu Elisabeth Sparkle (Moore), aliyewahi kuwa nyota mkubwa, sasa anaongoza kipindi cha mazoezi ya viungo kwenye televisheni. Anatimiza miaka 50, anafukuzwa kazi. Anapata dawa ya kujichoma inayomtoa mwilini "yeye mwingine", kijana na mrembo zaidi, anayeitwa Sue na kuigizwa na Margaret Qualley. Sharti ni moja: wiki moja anaishi huyu, wiki inayofuata yule, hakuna kuzidisha hata siku. Unaweza kukisia nani atazidisha. Dakika 141 za sindano, nyama na damu.

I'm Still Here ya Walter Salles ni kisa cha kweli. Ni Januari 1971, Rio de Janeiro, Brazili ikiwa chini ya utawala wa kijeshi uliodumu tangu 1964 hadi 1985. Watu wenye silaha wanafika nyumbani kwa Rubens Paiva, mbunge wa zamani, na kumchukua akatoe maelezo. Hakurudi. Filamu inabaki na mkewe Eunice (Torres) na watoto wao watano. Inazungumzwa Kireno, kwa hiyo jiandae kusoma tafsiri chini ya skrini.

Mwili, uso, na ukimya

Madison anaigiza kwa mwili mzima. Kabla ya kupiga picha alijifunza kucheza dansi ile ya klabuni na alijifunza Kirusi, na vyote viwili vinaonekana. Kipande ambacho watu wake hawaachi kukitaja ni kile cha nyumbani kwa Vanya: mume kijana anatoroka mbio, anamwacha mkewe na wanaume watatu waliotumwa kuivunja ndoa. Inachukua karibu nusu saa, kama vile kamera imesahauliwa imewashwa. Ani anapiga mateke, anang'ata, anavunja mtu pua, anapiga kelele mpaka wanamfunga skafu nyekundu mdomoni.

Mara ya kwanza nilicheka mpaka nikasimamisha filamu. Wale majambazi si majambazi hata kidogo, ni vibarua waliotumwa kazi wasiyoiweza, na mmoja anazunguka na pua yake akilalamika kama mtoto. Mara ya pili sikucheka. Filamu ni ileile, sura ni zilezile, lakini safari hii nilimtazama Madison macho badala ya miguu, na nikaona msichana aliye peke yake nyumbani na wanaume watatu asiowajua. Hofu ilikuwepo tangu mwanzo, imefunikwa na matusi. Na ile skafu itarudi baadaye usiku, kwenye baridi, mkononi mwa yuleyule aliyemshika. Angalia anavyoipokea.

Wasiompenda wana malalamiko mawili. La kwanza, kwamba kupiga kelele si kuigiza. Hili nalikataa. La pili lina uzito: Ani hatumjui. Anatoka wapi, anataka nini maishani mbali na kutoka kwenye ile klabu, mswada hausemi, na kamera inaonekana kuvutiwa na mwili wake kabla ya kuvutiwa na akili yake. Ni kweli. Lakini ndipo ninapompa Madison sifa zake, kwa sababu anachonyimwa na mswada anakiiba mwenyewe kwa vitu vidogo. Kuna wakati anakutana na mama mkwe. Dakika moja kabla alikuwa mkali kama pilipili. Sasa anaweka nywele sawa, sauti inashuka, anajitambulisha kwa Kirusi chake cha kuungaunga, kwa adabu zote za mkwe mpya. Anaamini bado! Yule mama hata mkono haupokei. Madison hasemi kitu, ila uso unafunga kama dirisha la duka.

(Kuna na kambi ndogo inayosema filamu ni ya Yura Borisov, yule Igor anayekaa pembeni muda mrefu bila kusema. Aliteuliwa kuwa mwigizaji msaidizi. Siwalaumu.)

Moore anaigiza kwa uso, na nyuma ya uso huo kuna maisha yake mwenyewe, na hapo ndipo ugomvi ulipo. Chukua tukio la kioo. Elisabeth ana miadi ya chakula cha jioni na mwanamume aliyesoma naye zamani, mtu wa kawaida tu anayemwona bado ni mrembo. Amevaa gauni jekundu, amejipamba, anapendeza kweli. Anaelekea mlangoni. Dirishani anaona bango kubwa la Sue. Anarudi kwenye kioo, anaongeza rangi kidogo. Anatoka, anarudi tena, safari hii anatafuta kitu cha kufunika shingo na kifua. Saa inakwenda. Mwishowe anaipangusa ile rangi ya mdomo kwa kiganja, kwa hasira, mpaka shavu zima linakuwa jekundu, na anaendelea kujisugua kama anayetaka kuuondoa uso wenyewe.

Hakuna zimwi katika tukio hilo, hakuna damu, na ndilo la kutisha kuliko yote kwenye filamu. Sijakutana na mwanamke aliyeliona akaniuliza linamaanisha nini.

Watu wa Moore wakishalitaja hilo huhamia kwenye hotuba yake. Januari 5, 2025, akipokea tuzo ya Golden Globe, alisimulia kwamba miaka 30 nyuma mtayarishaji mmoja alimwita mwigizaji wa filamu za kutafunia bisi, yaani wa kuingiza pesa na si wa kupewa tuzo, naye akaliamini neno hilo. Ukumbi uliinuka. Tangu siku hiyo ikawa vigumu kujua mtu anampenda Elisabeth au anampenda Demi. Wapinzani wanasema tuzo si ya kumfuta mtu machozi. Pia wanasema, na hapa wako sahihi, kwamba nusu ya kazi imebebwa na Qualley, na kwamba sehemu ya mwisho Moore anazikwa chini ya mpira na rangi kiasi kwamba anayeigiza hasa ni fundi wa vipodozi. Si ajabu Oscar pekee ya filamu hiyo, kati ya uteuzi 5, ilikwenda kwa vipodozi na mitindo ya nywele. Mimi nina langu la ziada: Fargeat hajui kunong'ona. Jambo akilisema mara moja ukalielewa, analirudia mara tatu kwa nyundo. Ila lile la kioo lingesimama hata kama lingeigizwa na mtu ambaye hatujawahi kusikia jina lake, na kwangu hilo linamaliza swali la kama Moore alistahili kuteuliwa.

Sasa Torres. Nilimtazama na mama mdogo, ambaye hapendi filamu za kusoma maandishi chini. Kama saa moja hivi ndani, baada ya mume kuchukuliwa, baada ya Eunice mwenyewe kuwekwa kizuizini siku 12 na kurudi nyumbani, mama mdogo aliniuliza kwa sauti ya kulalamika: "Mwanangu, mbona huyu mama halii?" Sikumjibu. Likaja tukio la duka la aiskrimu. Eunice amewapeleka watoto, anakaa, anageuka kutazama meza nyingine zilizojaa baba, mama na watoto wanaocheka. Torres hafanyi chochote. Macho yanatoka meza hii kwenda ile, na unaona kwa uwazi kabisa dakika ambayo mwanamke huyo anaelewa kwamba meza yake haitakuwa hivyo tena. Mama mdogo hakuuliza tena.

Halafu picha ya gazeti. Waandishi wamekuja nyumbani kuandika habari ya familia iliyopotelewa na baba, mpiga picha anawapanga, na wenye gazeti wangependa sura za huzuni. Eunice anawaambia watoto watabasamu. Wote wanatabasamu, yeye pia, tabasamu la meno kabisa. Ndilo kofi kubwa zaidi unalopigwa utawala ule katika filamu nzima, na limepigwa kwa tabasamu.

Wanaomkataa Torres wanasema filamu inakwenda polepole na kwamba hana "tukio", yaani kile kipande cha sekunde 30 cha kurushwa usiku wa tuzo, mtu akilia na kuvunja vyombo. Sawa. Kama kipimo chako ni hicho, Torres atashindwa kila mwaka. Binafsi namwona kama mpishi ambaye huoni moshi jikoni kwake, ila ukionja unajua. Hata hivyo nikiri kitu, maana nimewasema watu wa Moore. Sisi wa Torres nasi tuna hadithi ya nje ya filamu tunayoibeba. Anayemwigiza Eunice akiwa mzee sana, dakika za mwisho, ni Fernanda Montenegro, mama mzazi wa Torres. Montenegro aliteuliwa Oscar hiyohiyo mwaka 1999 kwa Central Station, iliyoongozwa na Salles huyuhuyu, akashindwa na Gwyneth Paltrow. Wabrazili walilihesabu kuwa deni. Tuzo si deni la ukoo, najua, lakini siku ile nilikuwa nasubiri lilipwe.

Na kabla hujaniambia nimesahau mtu: Marianne Jean-Baptiste kwenye Hard Truths ya Mike Leigh. Wakosoaji wa New York walimpa, wa Los Angeles wakampa pamoja na Madison, na Oscar haikumteua kabisa. Anaigiza mwanamke mwenye hasira na kila kitu, pamoja na maua. Ukiona mtu anataja jina hilo kwenye ubishi, jua amefanya kazi yake ya nyumbani.

Kalenda nayo ilipiga kura

Mashabiki wengi hubishana kuhusu matokeo kana kwamba kuna jopo la wazee waliokaa chini ya mti wakakubaliana. Hakuna. Wanachama wa Akademi inayotoa Oscar wenye haki ya kupiga kura ni karibu 10,000, kila mmoja kwake, na kwa mwigizaji bora anaweka alama moja tu. Wakiwa wateule 5, mtu anaweza kushinda hata kama wengi wa wapiga kura hawakumchagua yeye. Hesabu zenyewe hazitangazwi kamwe.

Sasa tazama tarehe. Kura za mwisho zilifunguliwa Februari 11 na kufungwa Februari 18. BAFTA, tuzo za filamu za Uingereza, zilitolewa Februari 16, Madison akashinda, sanduku likiwa bado wazi. Chama cha waigizaji wa Marekani kilitoa tuzo zake Februari 23, Moore akashinda, lakini sanduku lilikuwa limefungwa siku 5 nyuma. Torres hakuteuliwa kwenye hizo mbili. Golden Globe yake ilikuwa ya Januari, upande wa tamthilia. Moore naye aliipata yake upande wa vichekesho na muziki, akimshinda Madison. Ndiyo, The Substance iliwekwa kwenye vichekesho. Mtu mzima anazaa mtu mzima kupitia mgongoni, na ni vichekesho.

Tuzo ya picha bora, yaani filamu bora ya mwaka, ina utaratibu mwingine. Mpiga kura anazipanga filamu zote 10 kuanzia anayoipenda zaidi. Isipopatikana iliyovuka nusu, ya mkiani inatolewa na kura zake zinahamia kwenye chaguo linalofuata la mpiga kura huyo, hivyo hivyo hadi moja ivuke. Utaratibu huo unaipenda filamu ambayo wengi wanaiweka ya kwanza, ya pili au ya tatu, na unaiadhibu ile inayoabudiwa na wachache na kuwachefua waliobaki. Anora, iliyokwishapata Palme d'Or, tuzo kuu ya tamasha la Cannes, Mei 2024 na iliyotengenezwa kwa takriban dola milioni 6, ni ya aina ya kwanza. The Substance ni ya aina ya pili, nadhani hata wanaoiabudu watakubali. Anora ilichukua 5 kati ya uteuzi wake 6, na Baker peke yake alipanda jukwaani kwa 4: picha bora, uongozaji, mswada na uhariri.

The Brutalist au Conclave?

Hapa kuchagua ni rahisi zaidi, kwa hiyo sitakawia sana.

The Brutalist ya Brady Corbet ina dakika 215, ndani yake mapumziko ya dakika 15 yaliyowekwa na mwongozaji mwenyewe, na saa ya kuhesabu inakaa pale kwenye skrini. Msanifu majengo Myahudi wa Hungaria aliyenusurika kambi za mateso za Wanazi anafika Marekani baada ya vita, anaokotwa na tajiri (Guy Pearce, wa kutisha kwa upole wake), na kupewa kazi ya kujenga jengo la maisha yake. Imepigwa kwa VistaVision, aina ya filamu ya kamera iliyovuma miaka ya 1950, kwa bajeti isiyofika dola milioni 10. Jinsi inavyoonekana, hutaamini pesa hiyo. Conclave ya Edward Berger ni saa 2: Papa amekufa, makadinali wamefungiwa ndani wachague mwingine, na Ralph Fiennes ndiye anayesimamia uchaguzi huku akigundua siri ya huyu na ya yule.

Adrien Brody alishinda mwigizaji bora wa kiume, Fiennes akaondoka mikono mitupu. Brody anaigiza kwa upana: mwili unakonda, sauti inapasuka, mateso yanaonekana toka nyuma ya ukumbi. Fiennes anaigiza kwa kope. Kuna wakati anasikia jambo zito na kitu pekee kinachobadilika ni namna anavyovuta pumzi. Kama ulikuwa wa Torres hapo juu, wewe ni wa Fiennes, hakuna haja ya kuuliza. Nusu ya kwanza ya The Brutalist ni bora kuliko chochote kilichotoka mwaka ule, nasema bila kusita. Baada ya mapumziko filamu inaanza kusema kwa mdomo yale ambayo mwanzoni ilisema kwa picha, na sehemu ya mwisho iliwafanya marafiki wawili ninaowajua wasisemezane wikendi nzima.

Kulikuwa na ubishi mwingine. Ilijulikana kwamba programu ya akili mnemba ilitumika kurekebisha matamshi ya Kihungaria ya Brody na Felicity Jones. Waliokasirika walisema tuzo ya uigizaji isiende kwa sauti iliyopigwa pasi na mashine. Waliotetea walisema ni maneno machache ya lugha ngumu, na kwamba sauti zimekuwa zikirekebishwa studio tangu zamani. Mimi niko katikati: halikunifanya nimshushe Brody, lakini Madison alijifunza Kirusi chake mwenyewe, makosa na yote, na makosa yale ni sehemu ya Ani.

Jambo dogo kwa wanaopenda takwimu. Brody alishinda mara ya kwanza 2003 kwa The Pianist akiwa na miaka 29, na hajatokea mwanamume mdogo zaidi kwenye tuzo hiyo. Aliyekaribia kumvua rekodi ni Timothée Chalamet, mteule wa usiku uleule, naye wa miaka 29 lakini mdogo kwa miezi kadhaa. Kwa hiyo Brody aliilinda rekodi yake ya ujana akiwa na miaka 51.

Conclave ina faida nyingine: unaweza kuitazama na mtu yeyote wa nyumbani, na kila mmoja atapata wa kumshuku. Lucian Msamati, mwigizaji mwenye wazazi Watanzania aliyekulia Zimbabwe, ni kadinali kutoka Nigeria anayekaribia kabisa kiti cha Papa, na tukio lake chumbani na Fiennes ni fupi na zito. Isabella Rossellini yuko skrini kama dakika 8 na aliteuliwa kwa hizohizo. Papa Francis alipofariki Aprili 21, 2025, watu wengi waliikimbilia filamu hii wajue ndani kunakwendaje. Mwisho wake unagawa watu. Mimi naona umeruka hatua moja, lakini safari ya kufika pale ni tamu.

Msaidizi wa nani?

Nitaligusa tu. Kieran Culkin alishinda mwigizaji msaidizi kwa A Real Pain, filamu ya binamu wawili ambayo yeye ni mmoja wa hao wawili. Zoe Saldaña alishinda msaidizi kwa Emilia Pérez, ambamo hadithi inaanza naye na hatuachani naye. Waliteuliwa kihalali, ni wenye filamu wanaochagua kundi la kupigania, na kundi la wasaidizi lina njia nyepesi. Ila kuwaweka mizani moja na Rossellini wa dakika 8 ni kumkimbiza mtu wa baiskeli na mtu wa miguu.

Emilia Pérez yenyewe ilipata uteuzi 13, mwingi kuliko filamu yoyote isiyo ya Kiingereza iliyowahi kuteuliwa, ikaondoka na 2. Wameksiko wengi walichukizwa: hadithi ya kwao, ya watu wao waliopotea, imepigwa kwa sehemu kubwa studio Ufaransa na waigizaji wakuu karibu wote si wa kwao. Linganisha na I'm Still Here, nayo ya watu waliopotezwa, iliyotengenezwa na Wabrazili kwa kumbukumbu za mtoto wa marehemu, ambayo iliishinda kwenye filamu bora ya kimataifa. Ukiwa na jioni chache, Emilia Pérez iache mwisho wa foleni.

Basi uanze na ipi

Kama unataka filamu ikushike shingo tangu dakika ya kwanza na hupendi kusubiri, anza na Anora. Usiiweke wazazi wakiwa sebuleni. Nusu saa ya mwanzo peke yake itawafukuza au itakufukuza wewe. The Substance nayo ina uchi wa kutosha, lakini tatizo lake kubwa ni tumbo: itazame ukiwa umeshakula muda mrefu uliopita, na usiwe na chochote mkononi. Uduvi hasa. Utanielewa ukifika kwa yule bosi wa televisheni, Dennis Quaid, mezani. Kama damu huiwezi kabisa, tafuta mtu akupelekee mbele mpaka tukio la kioo, utazame hilo, uishie hapo. Nimewafanyia watu wawili hivyo na wote walinishukuru.

I'm Still Here inataka usiku ambao hujachoka. Nusu saa ya kwanza ni bahari, muziki, mpira wa watoto, na mtu aliyechoka atasema haina kitu. Ndiyo nyumba utakayoikumbuka baadaye mapazia yakishafungwa, kwa hiyo usiipeleke mbele. Ukiniuliza mimi, naanza na hii, nampa Torres kura yangu, kisha naweka Anora siku inayofuata wakati ukimya wa Eunice bado uko kichwani. Kelele za Ani zinasikika tofauti kabisa ukitoka huko.

Na ukifika mwisho wa Anora, ndani ya lile gari, weka simu mbali. Watu wamebishana zaidi kuhusu dakika zile chache kuliko kuhusu filamu nzima, na hakuna muziki wa kukuambia uhisi nini. Ni mlio wa injini, na waipa zinazofuta theluji.